Mizigo Midogo ya Mtwara

Mji wa Mtwara ulichorwa kwa ajili ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula, serikali yake ilianza mwaka 1947 mradi wa kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zilizofyekwa. Shamba likataka reli, reli ikataka bandari, na kwa kuwa bandari ya zamani ya Mikindani iliwatosha wenye majahazi lakini haikutosha meli kubwa, wahandisi wakasogea jirani, penye kina. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umeshakufa. Reli ilikamilishwa hata hivyo, ikatembea miaka michache bila mzigo wa maana, ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo ipo kata inaitwa Reli, reli yenyewe hamna. Zimebaki barabara pana zilizonyooka, viwanja vikubwa, na nafasi kati ya nyumba na nyumba ambayo mtu aliyezoea Kariakoo ataiona ni ubadhirifu.

Halafu ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ikakaa chini zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuanza kuwasha taa za mji, na iliposikika kwamba itapelekwa Dar es Salaam kwa bomba, watu waliingia barabarani. Januari na Mei 2013 majengo yalichomwa na watu walikufa. Bomba likajengwa, kilomita zaidi ya 500, likaanza kazi mwaka 2015. Katika miaka ile kodi za nyumba zilipanda, hoteli zikachipuka, na kila mwenye kiwanja mtaa wa Shangani akawa na mzungu wake wa kumsubiri. Wengine bado wanasubiri.

Sasa mji uliojengwa ili kupitisha shehena kubwa za watu wengine unaishi kwa nini? Mimi naona unaishi kwa mizigo midogo: kikapu chenye nyanya na sabuni, doti ya kanga, samaki wa kukaanga kwenye ndoo, godoro lililofungwa kamba ya manila. Na karibu kila mzigo una mwenyewe, tena mwenyewe huyo haishi kwenye nyumba ya aliyeununua.

Sokoni asubuhi ya Novemba jua linachoma tangu saa mbili. Kuuliza bei kabla ya salamu ni utovu wa adabu ambao utaulipia kwa nyanya zilizobonyea. Kwanza shikamoo. Marahaba, za nyumbani, bibi anaendeleaje, yule kijana alipata kazi, wa Newala wameshalipwa korosho zao? Yote hayo yakiisha ndipo mama wa genge anauliza swali lake, na si la kiasi gani. Anauliza: "Leo unapeleka wapi?"

Swali hilo utalisikia genge baada ya genge, na jibu lake ndilo linalochagua nyanya. Za mgonjwa aliyelazwa Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, ni zile zilizoiva kabisa, zinaliwa leo. Za kupanda nazo Newala ni ngumu, bado zina ukijani begani, kwa sababu zitakaa saa nyingi juu ya gari zikigongana na ndoo. Za Msanga Mkuu, ng'ambo ya maji, ni za katikati. Mnunuzi hagusi. Anataja tu safari, mama anatia mkono kwenye rundo lake na kupanga fungu, akiongeza moja ya juu "ya mtoto", hata kama mtoto mwenyewe ameshaoa.

Pembeni ya magenge, chini kabisa, hukaa wauza ming'oko. Hivi ni viazi vya porini, vyembamba, vinavyochimbwa kwa tabu kwenye vichaka, vikachemshwa na kuuzwa na chumvi na pilipili ya unga iliyosokotwa kwenye kipande cha karatasi. Mgeni humenya kwa kisu. Mwenyeji hukata ncha kwa meno, anavuta ganda kwa kidole gumba, anachovya, anaendelea na mazungumzo. Ming'oko haishibishi mtu na nadhani haikusudiwi kushibisha. Ni kitu cha kutafuna wakati unamsubiri mwenzio amalize salamu zake, na kwa salamu za Mtwara fungu moja halitoshi.

Newala na Tandahimba ziko juu, kwenye nyanda za Makonde, nchi yenye udongo mwema na isiyo na mto. Zamani wanawake waliteremka bonde kwa bonde kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Huko juu hakuna bahari wala samaki, na huku pwani mihogo haina sifa kama ya juu, kwa hiyo kati ya nchi hizi mbili pana biashara ambayo nusu yake haina pesa ndani. Gari linalopanda linabeba samaki wakavu, chumvi, nazi. Linaloteremka linabeba makopa, kunde, njugu mawe, mbaazi. Nilimwona konda stendi akipokea kiroba kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la ukoo na neno moja tu, "Shangazi". Nikamuuliza atamjuaje huyo shangazi. Akanitazama kwa huruma. "Atakuwa amesimama pale, kaka."

Novemba ndio mwezi ambao pesa inaonekana. Mkulima ameokota korosho zilizodondoka, amezitenga na mabibo yake, ameanika, amepeleka chama cha msingi ambako zimepangwa madaraja na kupimwa. Chama kinapeleka ghala kuu, zinakaa zikisubiri mnada, mnunuzi akishinda analipa, makato yanapita, kilichobaki kinaingia benki. Huo ndio utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani humu mwaka 2007. Kati ya kupima na kulipwa pana siku za kusubiri, na kwenye siku hizo ndipo kangomba inapopata riziki: mwenye mtoto mgonjwa leo anamuuzia mlanguzi usiku, kwa kipimo cha mlanguzi, chini kabisa ya bei ya mnada. Serikali inapiga vita kangomba kila msimu. Mimi naona vita hiyo ingekuwa rahisi zaidi kama malipo yangewahi.

Bei za miaka iliyopita kila mtu anazo kichwani. Mwaka 2017 kilo ilipita shilingi 4,000, na watu wakaezeka bati. Mwaka 2018 wanunuzi walikuja na bei ya chini, Rais Magufuli akaamua serikali inunue yenyewe kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Mama mmoja kwenye duka la vyombo, akimwonyesha mwanawe aliyekuwa akichezea masufuria, aliniambia, "Huyu alizaliwa mwaka wa wanajeshi." Mwenye duka akatikisa kichwa kama aliyetajiwa tarehe kamili.

Pesa ikiingia, maduka ya magodoro hupanga mali yake nje mpaka barabarani. Nilikaa kivulini mwa duka moja nikamtazama mzee wa makamo, shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, akinunua. Kwanza alilizunguka godoro. Kisha akaweka goti katikati, akaliegemea kwa uzito wake wote, akaondoa goti na kuinama kutazama jinsi sponji inavyorudi, akihesabu kimoyomoyo. Akarudia pembeni, mahali ambapo mafundi wajanja huweka vipande. Akanusa. Akapitisha kucha kwenye mshono wa kitambaa.

"Inchi ngapi, njomba?" kijana wa duka aliuliza.

"Sita."

"Chukua nane, msimu wenyewe ndio huu."

"Nane nitalalia mimi? La dada hilo. Amerudi nyumbani na wanawe watatu. Sita, lakini liwe pana."

Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo hufuata upande wa mama, na mwanamume ana deni kwa watoto wa dada yake kabla hajamaliza la wanawe. Wanasheria na mashehe wamelipunguza makali hilo, miji imelipunguza zaidi, lakini msimu wa korosho hulirudisha. Kijana wa duka aliniambia kwamba anawatambua wanaonunua kwa ajili ya dada: hawapunguziwi bei kwa urahisi kwa sababu hawaombi kwa nguvu, wanaona aibu. Mwenye kununua la kwake mwenyewe hubishana mpaka jioni.

Mtaa unaofuata ni wa kanga, na hapa wanaume hupita haraka. Shule zikifungwa Desemba ngoma zitaanza, jando na unyago, vijijini na hata katikati ya mitaa ya mji, na kila ngoma inataka sare. Wanawake wanne walikuwa wameshika ncha za kanga moja, wakiigeuza upande wa nyuma kuona kama rangi imepenya, na walisoma jina lake kwa sauti mara mbili. La kwanza walilikataa kwa kuwa lingeonekana linamlenga wifi fulani, na wifi mwenyewe ndiye aliyechangia mchele. La pili lilikuwa la heri tupu, halimgusi mtu, na ndilo walilolichukua, doti kumi na nne. Fundi wa cherehani barazani alikuwa ameshaanza kuzikata na kukunja upindo kabla hawajamaliza kuhesabu pesa.

Maofisa elimu hulalamika kuhusu ngoma hizi, na wana hoja: mtoto anayekaa unyagoni mpaka shule zimefunguliwa amepoteza masomo, na mafunzo mengine hayaendani na umri wa waliomo. Lakini wanaosema kwamba ni upotevu wa pesa tu hawajaliona daftari. Kila ngoma ina daftari. Anayeliandika ni mwanamke mwenye mwandiko mzuri na kumbukumbu nzuri zaidi: fulani sukari kilo mbili, fulani doti moja, fulani kuku, fulani elfu tano. Mwenye ngoma hulihifadhi daftari hilo sandukuni, na siku fulani akiwa na shughuli, hurudishiwa, tena kwa nyongeza. Mjane niliyekutana naye Magomeni ya hapa Mtwara alisomesha mwanawe muhula mzima kwa vitu vilivyorudi. Benki gani ingemkopesha?

Jioni teremka Feri. Hapo wavuvi huleta samaki na mnada hufanyika juu ya mchanga, kwa kelele, wanawake wakaangaji wakiwa mstari wa mbele na ndoo zao. Vibua, changu, pono, tasi, pweza wakati wa bamvua. Maji yakipwa sana wanawake wa vijiji vya pwani hii hutoka na vijiti vyao kwenye miamba kumtafuta pweza kwenye shimo lake, na mzigo wa siku hiyo ndio unaoamua nani atatembelewa kesho. Maji mafu yakija, pweza hakuna na safari hupungua. Mwenye kutaka kujua kwa nini shangazi hakuja Jumamosi atazame mwezi.

Kivuko cha MV Mafanikio huvusha watu kwenda Msanga Mkuu, rasi iliyoikabili bandari. Kwa nchi kavu ni mzunguko mrefu, kwa maji ni dakika chache, na dakika hizo zinatosha kuona Mtwara zote mbili kwa pamoja. Upande mmoja gati, lile la zamani na jipya la mita 300 lililokamilika mwaka 2020, meli zikipakia korosho ghafi za kwenda India na Vietnam, saruji, makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Upande wa pili, juu ya sitaha, baiskeli yenye mikate, kuku wawili vichwa chini, mtungi wa gesi, mtoto amelala juu ya gunia la unga. Mwanamke aliyekaa karibu nami alikuwa na mkoba mzuri wa ngozi na ndoo ya samaki waliokwisha kukaangwa. Nikashangaa: Msanga Mkuu ni kijiji cha wavuvi, unawapelekeaje samaki? "Hawa nimewakaanga mimi," akasema. "Mama yangu macho hayaoni miiba. Nimewatoa yote."

Mikindani nitaipita haraka, ina waandishi wake wa kutosha. Kilomita kama kumi kutoka mjini, mji wa zamani wa biashara, nyumba za mawe ya matumbawe zikibomoka polepole, milango michache ya nakshi, boma la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli. Nyumba moja ina kibao kinachosema kwamba Livingstone alikaa hapo. Alifika Machi 1866 akianza safari ambayo hakurudi, na mpango wake wa kwanza ulikuwa kuteremkia kwenye mdomo wa Ruvuma wenyewe; mikoko na matope vikamshinda kushusha ngamia, nyati, nyumbu na punda, akageuza chombo kuja Mikindani. Watoto wanaosoma karibu na hapo wanamjua kwa kibao tu. Mzee aliyekuwa akiuza tambuu barazani alinipa maoni yake: mgeni yule alikuwa na mizigo mingi na hakuwa na mtu wa kumpelekea.

Barabara ya Msimbati inaanza vizuri kisha inakuwa mchanga. Noah tuliyopanda ilibeba watu wengi kuliko viti vyake, mashina ya migomba, na fremu ya mlango. Mikorosho inafuatana pande zote, chini yake kumefagiliwa safi ili korosho ikidondoka ionekane, na harufu ya mabibo yanayooza inaingia dirishani, tamu na kali kwa pamoja. Mahali pengine harufu inageuka, unajua hapo panatengenezwa pombe ya uraka, na pengine ya nipa. Tukapita Madimba, mitambo ya gesi nyuma ya uzio mrefu. Hakuna aliyegeuza shingo. Abiria walikuwa wanajadili harusi.

Msimbati ni kijiji kilichomo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Nilifuatana na kijana aliyekuwa akimpelekea bibi yake vitu kutoka mjini: mchele, sukari, majani ya chai, dawa ya mbu, kanga. Tulipiga hodi tukiwa bado mbali, uani. Bibi akajibu bila kutoka. Jamvi likatandikwa chini ya mwembe, maji yakaletwa, na kijana akaweka kikapu kando ya mlango kama kitu alichokisahau. Mtoto wa kike akapita, akakichukua, akakiingiza ndani. Hakuna aliyekifungua wala kukitaja. Kufungua zawadi mbele ya aliyeileta ni kumpima.

Salamu zilichukua muda wa kuchemka maji. Waliokufa tangu ziara iliyopita walitajwa mmoja mmoja na kila mmoja akatolewa pole yake. Kisha ugali wa muhogo, mweupe na mvuto, na pono wa kuchoma aliyeungwa kwa nazi. Bibi aliniuliza mimi ni wa wapi, mama yangu ni wa wapi, na mama yake mama. Nilipofika kwa bibi yangu mzaa mama aliridhika, akasema basi mimi ni mjukuu, nile.

Tulipoaga, kikapu kilirudi kilipokuwa, kando ya mlango. Ndani yake mlikuwa na nazi sita, pweza mkavu aliyekunjwa kwenye gazeti, na korosho za kubanguliwa kwa mkono, zile zenye madoa meusi ya moshi, ambazo madukani huwezi kuzipata kwa bei yoyote. Kijana aliniambia njiani kwamba akiweka hesabu ya nauli, mchele na pweza, anapata hasara. Halafu akaongeza kwamba mwezi ujao atakuja na saruji, mfuko mmoja mmoja, mpaka sakafu ya bibi iishe. Kiwanda cha Dangote kiko upande wa pili wa Mikindani na malori yake yanapita usiku na mchana kuelekea kaskazini. Mfuko wa huyu kijana unakwenda kusini, kwenye paja lake.

Bibi alikuwa ametaja ndugu wa Kionga na Palma kama anayetaja mtaa wa jirani. Kwa kweli ni ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Mto huu ulikuja kuwa mpaka kwa kalamu za watu wasioujua. Pembetatu ya Kionga, kusini ya mdomo wa mto, Wajerumani waliichukua mwaka 1894; Wareno wakaitwaa mwaka 1916 wakati wa vita, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Waliokuwa wakazi wa koloni moja wakaamka wa koloni jingine bila kuhama hata mkeka. Miaka ya vita ya ukombozi ya FRELIMO, kuanzia 1964, watu wa kusini walikimbilia kaskazini, wengi wakabaki, na ndiyo maana huku utamkuta Mmakonde ambaye babu yake alizaliwa Mueda na wanawe wanashangilia timu Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe Msumbiji, ikaisha mwaka 1992, ziara zikarudi. Wafanyabiashara wa huku wakafungua maduka Palma na Mocímboa da Praia. Wanawake walivuka na kanga, wakarudi na vitenge.

Tangu Oktoba 2017, wapiganaji walipoanza mashambulizi jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, mto umekuwa mwingine. Oktoba 2020 walivuka na kukivamia kijiji cha Kitaya, upande wetu, wakaua na kuchoma nyumba. Machi 2021 waliishambulia Palma, watu wakakimbia kwa miguu porini na kwa vyombo baharini. Vijiji vya ukingoni vikajaa askari. Watu wa huko hawapendi kuzungumzia miaka hiyo na sikuwalazimisha. Wanachokizungumzia ni vitu vilivyokatika: harusi iliyofanyika bila upande wa bwana harusi, msiba uliosikika baada ya miezi, daftari ambalo nusu ya walioandikwa hawajulikani walipo.

Lipo Daraja la Umoja, mita 720, marais Kikwete na Guebuza walilifungua mwaka 2010. Liko Mtambaswala, mbali sana juu ya mto, na mtu wa Mahurunga mwenye dada Palma hawezi kwenda kulitafuta kwa ajili ya kumjulia hali. Kwake njia ni Kilambo. Hapo mto ni mpana, rangi ya chai ya maziwa, visiwa vya mchanga katikati, na maji ya bahari hupanda mpaka huku, kwa hiyo kuvuka kuna saa zake. Viboko wapo, mwenye mtumbwi huwataja kwa adabu na kwa sauti ya chini. Ukingoni pana mwembe, meza ya chai na vitumbua, vijana wa bodaboda, na watu wamekalia mizigo yao wakisubiri maji.

Mizigo ya biashara unaijua kwa kuwa inafanana: viroba kumi vya aina moja, kamba moja. Ya ndugu ni mchanganyiko. Nilisimama nyuma ya bibi mmoja aliyekuwa na godoro lililokunjwa, ndoo sita zilizopachikana, jembe lisilo na mpini, na katoni mbili za sabuni ya kipande. Mwenye mtumbwi, kijana mwenye fulana ya timu ya Uingereza, aliutazama mzigo wote kuanzia juu mpaka chini.

"Bibi, hii ni biashara. Biashara inalipiwa."

"Biashara gani, mwanangu? Godoro la binti yangu. Nyumba yao ilichomwa, ndio wanaanza upya."

"Na ndoo sita?"

"Za maji."

"Na sabuni katoni mbili?"

Bibi akakaza kanga yake kiunoni. "Wajukuu zangu wachafu sana, baba."

Watu wakacheka, kijana naye akacheka, akalipisha godoro peke yake.